Kilo Sitini na Tatu

Mkinisikia nina hasira nikisimulia, niacheni. Kaka yangu alikuwa mjinga, nami nilimpenda, na haya yalimpata mchana kweupe mbele ya macho yangu.

Kisiwa chetu ni kidogo na kiko mbali na kile kikubwa chenye hospitali. Njia ni mbili tu: meli, na ndege ndogo ya abiria wanane inayokuja mara mbili kwa wiki. Kaka ndiye aliyepima uzito wa abiria pale uwanjani. Chumba chenyewe kina meza, benchi la mbao na mizani kubwa ya kukanyaga, yenye uso wa duara na mshale. Uso huo aliuelekeza kwake peke yake, eti uzito wa mtu ni siri yake. Siri gani, na mimi dada yake alikuwa akiniita Tisini na Moja mbele za watu! Kilo za watu alizijua kwa kichwa, kama wengine wanavyojua sura.

Na sheria ilikuwa moja: uzito ukizidi, anashushwa wa mwisho kwenye foleni. Hakuna cha mjomba wala shangazi.

Jumatatu ile wifi yangu, mke wa kaka, alikunywa chai, akafua, akaanika nguo zote. Jioni tumbo likamkamata. Daktari wa zahanati akambonyeza, akatutoa nje. "Ni kidole tumbo, kinakaribia kupasuka. Afanyiwe upasuaji kesho, la sivyo mtampoteza." Meli ilikuwa imepandishwa juu ya magogo tangu mwezi uliopita, ikisubiri rafadha mpya ya kuisukuma majini. Ikabaki ndege ya Jumanne, saa nne asubuhi.

Tulifika nimemshika kwapani. Abiria saba walikwisha pimwa na kupanda. Rubani akachungulia dirishani. "Zimebaki kilo hamsini tu. Upepo unageuka, fanyeni haraka!"

Wifi alikuwa na kilo arobaini na saba, na begi lake tuliliacha. Kaka akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana yake. "Panda, mke wangu."

Akapanda. Mbao za mizani zikalia. Tabasamu la kaka likafutika.

"Shuka. Panda tena."

Akashuka, akapanda. Mara tatu!

"Wewe una wazimu?" nikamfokea. "Humuoni mgonjwa huyu?" Nikazunguka meza nikatazame mwenyewe.

Mshale ulifika arobaini na saba, ukatulia. Kisha ukaanza kupanda. Polepole. Hamsini. Sabini. Tisini. Ukasimama kwenye mia na kumi.

Nikatazama nyuma ya wifi. Hapakuwa na mtu. Lakini mtandio wake ulikuwa umedidimia mabegani, pande zote mbili, na mikunjo yake ilikuwa ya vidole.

"Sitini na tatu zimezidi," kaka akanong'ona. "Ni yule mama fundi cherehani."

Fundi huyo tulimzika mwezi uliopita. Alikuja uwanjani na barua ya daktari, ndege ikawa imejaa, akaambiwa asubiri safari nyingine. Saa kumi kaka alipokwenda kufunga chumba, alimkuta kwenye benchi, kapakata barua yake, amekufa. Sisi sote tukasema siku zake zilikuwa zimefika.

"Hakuwa wa mwisho," kaka akasema. "Wa mwisho alikuwa mke wangu. Alichelewa, na alikuwa anakwenda harusini kwa mdogo wake. Nikamshusha fundi."

Wifi hakugeuka. "Tangu siku ile kuna kitu kinanielemea shingoni," akanong'ona. "Nilidhani ni uchovu."

"Anakuja au haji?" rubani akapiga kelele.

Kaka akawatazama wale saba kupitia dirishani. Mzee mwenye jicho lililofungwa bandeji. Mama na kichanga chake. Akawatazama mmoja mmoja, nami nikajua anatafuta nani wa kumshusha. Kisha akashika kalamu aandike arobaini na saba. Uwanja wetu ni mfupi, unaishia kwenye mawe ya baharini. Akaiweka kalamu chini.

Akapiga magoti mbele ya mizani, akageuza mgongo, kama mtu anayetaka kubeba mtoto.

"Mama, kosa ni langu. Huyu hakujua kitu. Njoo kwangu."

Mshale haukushuka.

"Nakuomba." Alikuwa analia sasa, kamasi zinamtoka. "Nitakubeba mpaka ufike. Naapa."

Mikono yake ikapiga sakafu kwa kishindo. Shati likadidimia mabegani.

Nikatazama mshale. Arobaini na saba.

"Mpeleke," akasema, uso karibu ugusane na saruji. "Kimbia!"

Wifi alipona. Alirudi na kovu lake, akamkuta mumewe amepinda kama kizee. Kaka alitaka kutimiza kiapo. Lakini yeye kilo themanini, na mzigo wake sitini na tatu. Jumla mia moja arobaini na tatu. Nafasi kama hiyo haikupatikana bila kumshusha mtu, na kushusha mtu alikataa katakata. Meli nayo bado ilikuwa juu ya magogo. Basi kila siku ya ndege alipima watu, kisha akakaa kwenye benchi, akiitazama inaruka. Ndege ya kumi na moja ilipoondoka, tulimkuta palepale amekufa. Waliombeba walikuwa wanaume sita, na walipumzika mara nne.

Kazi nikapewa mimi. Asubuhi ya kwanza nikafungua chumba peke yangu. Mizani haikuwa na kitu juu yake. Mshale ulisimama kwenye mia moja arobaini na tatu.

Ijumaa abiria walikuwa wachache. Nikaandika uzito ule kwenye mstari usio na jina.

"Nani huyu?" rubani akauliza.

"Wewe nenda tu."

Ndege ilikimbia, ikakimbia, ikainuka mawe yakiwa puani. Nikarudi chumbani mbio, nikitetemeka kwa furaha. Mshale ulikuwa umeshuka.

Umeshuka mpaka themanini.

Tangu hapo kila safari namwachia kaka nafasi. Nimemsihi, nimemtukana, nimelia. Hapandi.

Wifi naye huja kila siku ya ndege, akakaa kwenye benchi lile.

"Tisini na Moja," huniuliza, "leo inasoma ngapi?"

Uso wa mizani unanielekea mimi peke yangu.

"Sifuri, wifi," namwambia. "Nenda nyumbani ukapumzike."