Kucha za Uzi

Kila jioni, Kidoti akishavua sare za shule, mama yake aliinua uso kutoka kwenye cherehani na kusema, "Haya mwanangu, mtembeze huyo mbwa. Nusu saa, asije akanila na mimi!"

Kidoti alimfunga Uzi kamba, akashuka naye ngazi za ghorofa tatu, na hapo ndipo safari ilipoishia. Tangu siku Uzi alipomvuta akaanguka kifudifudi, wenzake wakacheka hadi kushika mbavu, hakuthubutu kutoka nje. Alijibanza chini ya ngazi, penye joto na giza, akamkumbatia mbwa asitoroke. Nusu saa ikipita, walirudi juu.

"Tumefika mpaka uwanjani, mama."

Loo! Uongo ule ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kila siku ulizidi kuwa mgumu kuutoa.

Chumba kilikuwa kimoja, na mlango haukuachwa wazi. Uzi, mwenye miezi sita tu, aliizunguka meza ya kukatia, akabweka, akatafuna tepu ya kupimia. Mama akawa anamfunga kwenye mguu wa cherehani, akidhani mlio wa cherehani utamlaza kama ulivyomlaza Kidoti alipokuwa mchanga. Wapi! Jumatano Uzi aliikata kamba, akararua gauni la bibi harusi.

"Basi, nimechoka!" mama alisema, machozi yakimlenga. "Daktari wa mifugo akishindwa kutibu wazimu huu, kesho nampa mlinzi wa lile ghala la jirani. Huko atatiwa mnyororo."

Kwa daktari, mama alieleza, "Anatembezwa nusu saa kila siku, lakini hatulii. Hata gauni la bibi harusi amelirarua."

Daktari aliinua mguu wa Uzi, akautazama kwa muda.

"Kucha ndefu hivi, mama? Na nyayo laini kama za mtoto mchanga? Mbwa huyu hajakanyaga barabara."

Mama alimgeukia Kidoti. Mlango ulikuwa nyuma yake, lakini angekimbilia wapi? Alimtazama Uzi, akaufikiria ule mnyororo.

"Nilikudanganya, mama," alisema huku akilia. "Tunakaa chini ya ngazi. Naogopa kuchekwa."

"Hana wazimu," daktari alisema taratibu. "Mbwa mdogo ana nguvu nyingi. Zisipotokea barabarani, zitatokea kwenye gauni. Mtembeze kidogo asubuhi na kidogo jioni, mchezee mpira, kisha mwache alale. Usimchoshe mno, mifupa yake bado inakua. Akikuvuta, simama. Kamba ikilegea, endelea."

Asubuhi mama aliiacha cherehani, wakatoka wote. Uzi alivuta, Kidoti akasimama. Wenzake walicheka. Kamba ikalegea, wakaendelea mpaka uwanjani.

Jioni hiyo, baada ya matembezi ya pili, Uzi alikoroma chini ya meza. Kidoti alimshikia mama pindo la gauni likishonwa upya.

"Gauni litaungika," mama alisema. "Lakini nusura mnyama asiye na kosa afungwe kwa ajili ya uongo wako. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako wewe iliishia chini ya ngazi!"

Kidoti alicheka na kulia kwa pamoja.

"Siku nyingine ukiogopa, niambie," mama alisema. "Tutaogopa wote wawili, kisha tutatoka."