Helikopta Isiyokunywa Mafuta

Aurore, mwanafunzi wa urubani kutoka Mibirizi, alikufa asubuhi kweupe. Helikopta ya shule ya urubani ilizunguka kama pia juu ya Gihundwe, ikaanguka shambani. Ndani alikuwa peke yake.

Aliyemruhusu kuruka peke yake ni mwalimu wake, Mzee Ntabaza. Kufikia adhuhuri mzee alikuwa mahabusu, akituhumiwa uzembe uliosababisha kifo.

Inspekta Nasiri alimkuta ameketi sakafuni, kofia mapajani.

"Mzee, mutoto alikosea wapi?"

"Hakukosea. Upepo ulimushika mukia. Akakanyaga pedali nusu, akangoja ikae sawa. Njo vile alijifunza."

"Na wewe njo ulimufundisha."

"Kwa ile mashine ya chumbani, inaigiza tu kuruka, hairuki. Zoezi ile hatuifanyi hewani, inaua batu. Nilimwambia Parfait, mwenye kuiunda: pedali ya mashine yako iko mwepesi sana, nusu inatosha, helikopta inataka yote. Akacheka mbele ya banafunzi. Eti, 'Papa, miguu yako njo imezeeka!'"

Kinasa-safari kilichotolewa kwenye mabaki kilisema vilevile: pedali ilikanyagwa nusu tu.

Nasiri alikwenda shuleni. Parfait, mhandisi aliyeiunda mashine ile ya kuigiza urukaji, alimpa kiti na kuwasha kompyuta. Mistari miwili ya pedali ikatokea. Mwekundu ulikuwa wa helikopta yenyewe, uliorekodiwa katika safari ya majaribio. Wa buluu ulikuwa wa mashine. Ililaliana kabisa.

"Kiwango kinaruhusu iachane kidogo, Afande. Yangu haiachani hata kidogo."

"Félicitations, hongera. Sasa unionyeshe mafuta ya safari ile ile."

"Mafuta ya nini?"

"Onyesha tu."

Mstari wa mafuta ulikuwa umenyooka kama rula, tangu kuruka hadi kutua.

Nasiri aliutazama bila haraka.

"Miye niko na pikipiki. Nikifika tu Muganza, mafuta imeshuka. Helikopta yako ilikaa hewani bila kunywa?"

Parfait alinyoosha mkono kuufunga ukurasa.

"Ni wapi hapa mafuta haishuki, Parfait?"

Mhandisi aligeuza macho kuelekea chumba cha mashine.

"Kule. Mafuta tunaifunga isishuke, ili mwanafunzi arudilie zoezi bila kusimama."

"Basi mistari yote mibili ni ya mashine."

"Ndiyo."

"Na safari ya kweli?"

"Tuliifanya. Kwa pedali mistari iliachana mbali, kupita kiwango. Na wakaguzi wa mashine walikuwa njiani."

"Ungewaambia bangoje."

"Ningewaambia nini? Kwamba mzee alisema kweli?" Parfait alijifuta uso. "Nilishamuchekelea mbele ya bote, Afande. Sikuweza kurudi nyuma. Nikafuta ya kweli, nikaweka ya mashine."

"Kwa kicheko tu?"

"Kwa kicheko."

Nasiri alitoa pingu.

Mzee Ntabaza aliachiwa siku ileile. Hasara ilikuwa hivi: helikopta moja, shule moja, iliyofungwa, mhandisi mmoja gerezani, mwalimu mmoja ambaye hakutaka tena kuweka mguu kwenye pedali, na binti mmoja wa Mibirizi, aliyekanyaga sawasawa na alivyofundishwa.