Kopo la Mchuuzi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Keji alifagia ua, akachota maji, kisha akaweka kopo la maziwa mlangoni. Kopo lilikuwa la Sule, mchuuzi aliyepita mitaa ya Ediofe kwa baiskeli. Sharti lake lilijulikana kwa wote: kopo lake likikaa kwako, wewe ni mteja, na Jumamosi utalipa hata kwa siku ambazo hukuliweka mlangoni. Alisema maziwa yako ameshayabeba. Aliyetaka kuacha alipaswa kumrudishia kopo mkononi.

Maziwa yalikuwa ya Tombe, mdogo wake Keji. Tombe alipopelekwa kukaa na bibi yao kijijini kwao, Midia, mama yao, Rosa Kiden, alimwambia Keji arudishe kopo siku hiyohiyo. Keji aliliosha, akalikausha, akasimama nalo jikoni. Bibi alikuwa amemfundisha kwamba chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Hutiwa unga, karanga, hata majani ya kunde. Siku hiyo nyumbani hapakuwa na cha kutia. Aliona aibu, akalisukuma kopo chini ya kitanda. Mama alipouliza, alijibu kwamba amelirudisha.

Jumamosi mbili Sule alikuja kudai akamkosa Rosa, aliyekuwa ameshakwenda sokoni kuuza maharage na simsim, yaani ufuta. Jumamosi iliyofuata alifika mapema, akamkuta.

Rosa alimwuliza anadai maziwa ya nani, maana mtoto hayupo na kopo lilirudishwa. Sauti zikapanda. Rosa akamwita mwizi, tena mara mbili, majirani wakisikia. Sule hakuendelea kubishana. Alichukua mizani ya Rosa iliyokuwa barazani, akaanza kuifunga kwenye baiskeli.

"Kopo yangu iko ndani ya nyumba yako, Mama Keji," alisema. "Unavaa kitenge mpya, lakini maziwa ya mtoto unakataa kulipa. Hii mizani itakaa kwangu."

"Kopo ulipewa. Teremsha mizani yangu, mwongo wewe!"

Jirani yao, Mama Natalina, alishika usukani wa baiskeli. Vijana waliokuwa njiani wakaanza kumzomea Sule.

Keji alikuwa mlangoni. Bila mizani, mama yake hangeuza hata robo kilo ya simsim siku hiyo. Na kama angenyamaza, Sule angepigwa kwa kosa lisilo lake. Aliingia ndani, akatoka na kopo.

"Mama, sikulirudisha. Nilikudanganya."

Sule alicheka kwa dharau, akauliza sasa mwizi ni nani.

Rosa alimtaka Keji aeleze sababu, naye akaeleza habari ya chombo kitupu, machozi yakimtoka. Kisha Rosa akamgeukia Sule, akamwambia mbele ya watu walewale kwamba amemtukana bila haki. Alimlipa alichodai. Lakini Sule alipotaka na malipo ya wiki iliyokuwa mbele, Rosa alikataa kabisa, na Mama Natalina hakuachia usukani.

"Mwambie wewe mwenyewe," Rosa alimwambia binti yake.

Keji alinyoosha mkono wenye kopo. "Mzee Sule, tumeacha maziwa. Kopo lako hili hapa."

Sule aliligeuza juu chini. "Hakuna kitu? Watu wa Midia hawana hata karanga?"

"Hakuna kitu," Keji alijibu. "Tumeshakulipa."

Sule alifungua mizani, akaiweka chini kwa kishindo, akaondoka bila kuaga.

Rosa aliikagua mizani kuona kama imevunjika. Haikuvunjika. Akamwambia Keji kwamba kuanzia siku hiyo atapepeta maharage sokoni kila Jumamosi, mpaka fedha zile zirudi.

"Jirani akikuletea chakula, chombo chake usikirudishe kitupu. Hiyo ni heshima," alisema. "Lakini mchuuzi anauza, wewe unalipa. Ukitosheka, mwambie basi, tena siku ileile. Ungelirudisha hivyohivyo, aibu yako ingekwisha kabla Sule hajapanda baiskeli. Uongo wako umenifanya nimtukane mtu anayedai haki yake, na ningeweza kusababisha apigwe. Futa machozi. Shika upande ule wa mizani, twende."