Jezi ya Zambarau Mwilini mwa Pancha

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kitinda alifagia chumba, akakunja shuka, kisha akapangusa vumbi kwenye jezi ya zambarau iliyotundikwa nyuma ya mlango. Jezi hiyo ilikuwa ya kaka yake, aliyefariki miezi michache nyuma baada ya kuugua figo. Kitinda hakuruhusu mtu aiguse. Shangazi alipotaka kuifua baada ya mazishi, binti huyo alipiga kelele mpaka majirani wakaja kuchungulia.

Kaka aliishabikia timu ya Zambarau tangu hajajua kufunga kamba za viatu. Timu ilipoanza kufungwa hovyo, wengine walihama. Yeye hakuhama. Iliposhuka daraja, alishuka nayo. Mvua inyeshe, jua liwake, yeye yuko nyuma ya goli anashangilia mpaka sauti inamkauka. Hata hospitalini, muuguzi alipoingia na sindano, alimuuliza kwanza, "Dada, Zambarau wamepata ngapi?"

Jumamosi moja Kitinda alikwenda bombani kuchota maji, akaacha mlango bila kuufunga. Aliporudi, jicho lake lilienda nyuma ya mlango. Msumari ulikuwa mtupu. Alipekua chini ya kitanda, kwenye kapu la nguo, hata jikoni. Jezi haikuwepo. Mama yake, mpiga pasi katika duka la dobi, alikuwa kazini tangu alfajiri. Basi aliyeingia ni nani?

Jioni alipata jibu, au alidhani amelipata. Watu walikuwa wakirudi kutoka uwanjani, na miongoni mwao alikuwa Pancha, fundi baiskeli wa pale kona. Chini ya koti lake palionekana kitambaa cha zambarau. Kilikuwa kimegeuzwa, mishono nje, na kifuani kulikuwa na kiraka cheupe alichokishona mama. Pancha alipomwona Kitinda, alilivuta koti haraka na kugeukia upande mwingine.

Kitinda alichemka kwa hasira. Mtaa mzima ulijua kwamba Pancha ni shabiki wa Bluu, wapinzani wakubwa wa Zambarau. Yeye na kaka walikuwa marafiki, lakini walitaniana kutwa. Sasa ameichukua jezi ya marehemu aende kuifanya kichekesho? Na kwa nini aigeuze, kama si kuficha jina lililoandikwa mgongoni?

Hakumwambia mama, maana angeulizwa kuhusu mlango. Alitundika sweta lake la shule kwenye ule msumari, mama asigundue. Ila Jumatatu alimnong'oneza mwenzake wa dawati, "Pancha ni mwizi. Usimwambie mtu."

Mwenzake naye akamwambia mtu mmoja tu. Kufikia katikati ya wiki, kibanda cha Pancha kilikuwa kimepooza. Watu walisukuma baiskeli zao mpaka kwa fundi wa mtaa wa pili. Pancha alikaa akipangusa pampu ileile, na kila Kitinda alipopita, aliinamisha macho. "Hana la kusema, mwizi mkubwa," Kitinda alijisemea.

Siku hiyo mama alirudi amekunja uso. Aliweka mkoba chini kwa kishindo.

"Leo dukani nimesikia eti Pancha kaiba jezi ya mwanangu. Nani kaanzisha maneno haya?"

Kitinda angeweza kunyamaza. Lakini alisema, "Ni mimi, mama. Nilimwona nayo kwa macho yangu! Ameigeuza ndani nje ili kuficha jina. Aliponiona, akafunga koti."

Mama aliketi kitandani taratibu. "Jezi nilimpa mimi, alfajiri, nikienda kazini. Kaka yako aliomba msimu mpya ukianza isikose mechi hata moja, na Jumamosi ndiyo ulianza. Nilimwambia Pancha asikuonyeshe kwanza, kwa sababu nilijua utakavyolia. Hapo nilikosea, mwanangu. Ningekuambia."

"Lakini yeye ni wa Bluu!"

"Ndiyo maana alichaguliwa. Kaka yako alisema mtu wa Bluu akikubali kuvaa zambarau mbele za watu, huyo ni rafiki kweli."

"Sasa mbona aliigeuza?"

Mama alicheka, na machozi yakamtoka. "Kaka yako hakukuambia? Zambarau wakifungwa, alikuwa akigeuza jezi ili bahati nayo igeuke. Nyuma ya goli kila mtu anajua. Na Jumamosi walipigwa matatu."

Kitinda alijifunika uso kwa mikono. Aibu ilimfanya atamani ardhi ipasuke.

Kesho yake, baada ya shule, alikwenda kibandani. Muuza mboga alikuwepo, na mwenzake wa dawati, na wapita njia. Alisimama mbele yao, akasema kwa sauti. "Kaka Pancha si mwizi. Jezi alipewa na mama. Mimi ndiye niliyemsingizia. Nisamehe, kaka."

Pancha aliweka spana chini. "Nimekusamehe. Ningekuwa wewe, hata mimi ningeshuku. Lakini ulimwambia mtu mwingine habari zangu, hukuniuliza mimi mwenyewe. Siku nyingine ukimshuku mtu, anzia kwake. Maneno yakishatoka kinywani, yanakimbia kuliko baiskeli yoyote niliyowahi kuitengeneza."

"Sasa nifanyeje? Wengine hawajasikia."

"Basi keti hapa."

Pancha alitoa kigoda, akakiweka kando ya barabara. Kitinda aliketi, na kila aliyepita akisukuma baiskeli alimsimamisha na kumweleza, uso ukimwaka. Jua lilipokuwa likishuka, alimwona mwalimu wao, tairi la nyuma halina upepo, akielekea mtaa wa pili. Kitinda alisita kidogo. Kisha akainuka, akamwita, na kuanza kueleza tena tangu mwanzo.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaigeuza baiskeli yake na kuilaza mbele ya Pancha.