Leonsia Alikataa Kulipiwa

"Leonsia, hawa wanaokuita tapeli ni akina nani?"

Xavery alimnyooshea mchumba wake simu. Walikuwa wamekaa dukani kwake, duka la matairi pale Nyakanazi, malori yakinguruma nje.

"MWAMBIE LEONSIA ALIPE DENI LETU. TAPELI MKUBWA."

Leonsia alisoma, akashusha pumzi.

"Ni wale wa mikopo ya simu. Kausha damu, wenye riba ya kunyonya. Nilikopa kaka Gervasi alipovunjika mguu. Bila upasuaji ule angekatwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umetoka juzi tu kutoa posa kwetu Nyamahanga. Ningeanzia wapi?"

Leonsia alikuwa karani wa masijala huko Ngara, na sasa alikuwa amependekezwa kuhamia masijala ya siri. Humo haingii mtu mpaka afanyiwe upekuzi: ukoo wake, marafiki zake, na madeni yake pia.

"Wakiliona hili deni watakukata jina," Xavery alisema.

"Huenda. Lakini sitalificha."

Kesho yake Xavery alimpigia, sauti imejaa furaha.

"Mpenzi, mambo yameisha! Luhende, yule wakala wa forodha wa Rusumo, atalilipa lote."

"Kwa nini alipe?"

"Si rafiki yangu? Anasema ukishakaa kwenye kile kiti, mara moja moja utamchungulilia barua fulani. Kitu kidogo tu."

"Xavery, hicho kitu kidogo ndicho wanachokitafuta kwenye upekuzi. Hawaogopi deni langu kama wanavyomwogopa atakayenilipia."

"Sasa utafanyaje?"

"Naenda kwa afisa wa upekuzi. Nitasema deni, nitamtaja Luhende. Nikiulizwa nani alimleta, nitakutaja wewe."

"Mimi? Mchumba wako?"

"Ndiyo. Nakupenda, ndiyo maana nakwambia kabla sijaenda."

Xavery akakata simu. Leonsia akamwandikia: "Naomba tuongee." Hakujibiwa.

Asubuhi ya upekuzi aliingia ofisini macho yamevimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa," alisema afisa, mama wa makamo aliyeitwa Rozalia.

Leonsia akaeleza yote: mguu wa kaka yake, riba, na jinsi alivyokwishakubaliana na wakopeshaji kulipa kidogo kidogo. Kisha Luhende. Kisha, kwa sauti iliyokatika, Xavery.

"Unajua unaweza kupoteza ndoa kwa maneno haya?"

"Najua, mama. Nimelia usiku kucha. Lakini ndivyo ilivyokuwa."

Mlango ukagongwa. Xavery alisimama pale, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye Xavery. Luhende nilimleta mimi, nikidhani namwokoa mchumba wangu. Huyu hakugusa hata senti. Andika na jina langu."

Nje ya ofisi, Leonsia alimtazama bila kuamini.

"Nilidhani umeniacha."

"Nilikasirika kwelikweli. Halafu nikawaza, mwanamke mwingine angechukua hela akanyamaza, au angenitaja kimyakimya. Wewe ulipiga moyo konde ukaniambia mwenyewe kabla. Nitampata wapi mwingine kama wewe?"

Majibu hayakuja upesi. Leonsia aliambiwa asubiri, aendelee kulipa. Aliuza maharage ya msimu mzima. Gervasi, ambaye sasa alitembea vizuri, akaongeza chake. Luhende aliitwa kuhojiwa, na kampuni iliyomwajiri ikamwachisha kazi.

Siku deni lilipokwisha, Leonsia alipeleka uthibitisho kwa Mama Rozalia mwenyewe. Wiki chache baadaye simu ikaita.

"Mwanangu, umepita. Jumatatu uripoti masijala ya siri."

Walifunga ndoa baada ya mavuno. Sherehe ilikuwa Nyamahanga, uwanjani kwa wazazi wake, viti vimeazimwa kanisani. Bwana harusi alipopewa kipaza sauti, alisema:

"Ndugu zangu, mtatusamehe, hakuna ukumbi wala keki ya ghorofa. Mke wangu amekataa tukope."

Watu wakacheka, akina mama wakapiga vigelegele. Leonsia akakichukua kipaza sauti.

"Chakula kipo cha kutosha. Kaeni mle."