Kofia ya Senta Fowadi

Tangazo! Wanafunzi wote wa Tanganyika, pamoja na walimu wao, wajue kwamba mimi, Kombo bin Mrisho, mwenye umri wa miaka kumi na minne, nilikuwa Kinyozi Mkuu wa bweni letu hapa Bagamoyo, mwaka wa 1954. Cheo hicho sikupewa na mtu. Nilikuwa na mashine ya kunyolea aliyoitupa mjomba wangu, nayo iling'oa nywele zaidi kuliko kuzikata.

Kila Alhamisi, baada ya kufua, wenzangu walipanga foleni kwenye ngazi za bweni. Niliwapunguza pembeni, nikawakata njia upande wa kushoto kama makarani wa Dar es Salaam. Ujira wangu ulikuwa nusu andazi.

Asubuhi moja Mwinjuma wa Miono, senta fowadi wetu, aliamka akakuta nywele zimejaa kwenye mto wake. Wiki ilipokwisha alikuwa na mabaka matatu ya upara, kila moja kama kifuniko cha chupa ya wino.

"Jamani, njooni mwone ramani!" akapiga kelele Ausi, jirani yake wa kitanda. "Hii Unguja, hii Pemba, na huku nyuma Mafia!"

Bweni zima lilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, huku nimeishika kofia yangu. Siku hizo nilikuwa siivui hata bwenini. Nilisema ni ucha Mungu.

Mwinjuma naye akavaa kofia hadi masikioni. Akawa anaoga peke yake alfajiri, na chakula anakula amegeukia ukuta.

"Nitarudi Miono," aliniambia. "Mama alikuwa akinipaka mafuta ya nazi kila siku. Akiniona hivi atasema nimerogwa."

"Nywele tu hizo, bwana."

"Basi nipe zako."

Nikaishika kofia yangu kwa mikono miwili, nikaondoka.

Jumamosi vijana wa Ubena waliwasili kwa lori, wanaimba, kucheza mpira nasi. Mji mzima ulijaa uwanjani. Mwinjuma aliingia na kofia yake, ameifunga kidevuni kwa kamba ya kiatu. Kila krosi ilipokuja, aliinama kama mtu anayekwepa nazi.

"Piga kichwa, Mwinjuma!" tulilia. "Kichwa!"

Hakupiga hata kimoja. Mapumziko yakafika, Ubena moja, sisi bila.

Mzee Sharifu, dresa wa shule, alimfuata nyuma ya goli na sanduku lake la dawa. Nikajipeleka na ndoo ya maji, nipate kusikia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vua nione."

"Watanicheka."

"Watacheka leo, kesho watachoka. Vua." Akamkagua kwa makini. "Haya ni mapunye, ugonjwa wa ngozi. Hujarogwa wala hujakosa usafi. Huambukizwa kwa kofia, kitana, mashine ya kunyolea. Tutanyoa, tutaosha kwa sabuni, tutapaka dawa ya aidini kila siku. Nywele zitarudi polepole."

"Na zisiporudi upesi, nifanyeje?"

"Cheza mpira. Nywele zinaweza kungoja. Mchezo wa leo haungoji."

Kipindi cha pili Ausi alisawazisha. Dakika ya mwisho tukapata kona. Mwinjuma alisimama mbele ya goli, akaikata ile kamba, akaitupa kofia chini. Umati ukaguna. Ausi alifumbua mdomo, lakini mpira ulikuwa tayari hewani. Mwinjuma akaruka juu ya mabeki wawili, mpira ukampata pale pale kwenye Pemba, ukaingia!

Goli! Tulivamia uwanja kama siafu. Nikamkumbatia Ausi, nikaruka, nikapiga vigelegele, nikairusha kofia yangu juu kabisa.

Ausi akaniachia.

"Kombo! Na wewe?"

Kichwani kwangu mabaka yalikuwa matano, makubwa na ya zamani kuliko ya Mwinjuma. Mzee Sharifu akasogea.

"Tangu lini haya?"

Nilitaka kusingizia jua. Lakini Mwinjuma alikuwa akinitazama, kichwa wazi, jasho likimtiririka.

"Tangu Ramadhani, Mzee. Kila Alhamisi nilijinyoa mimi kwanza, kisha wenzangu, kwa mashine ile ile. Naapa sikujua kwamba yanaambukiza."

"Hilo nimekusamehe. Na mwenzako alipochekwa?"

"Nilijua hayuko peke yake. Nikanyamaza, nikacheka pamoja nao."

"Sikilizeni, wanangu," akasema Mzee Sharifu. "Ugonjwa si aibu. Kombo angeuonyesha siku ya kwanza, ningetibu kichwa kimoja. Ameuficha, sasa lazima nikague bweni zima. Na tusimcheke mgonjwa, maana tunamfundisha kujificha."

Mwinjuma akaiokota kofia yangu kwa kijiti, akaninyooshea.

"Chukua, Bwana Kinyozi. Kachemshe."

Nilichemsha kofia na vitana vya bweni zima Jumapili nzima. Na yote niliyowatangazia pale mwanzo ni kweli, ila moja: sikuwa Kinyozi Mkuu. Nilikuwa mgonjwa wa kwanza, niliyemwachia Mwinjuma abebe aibu yangu.