Alikuwa Ananisomea Ujumbe

“Kliniki ya macho hao,” mume wangu alisema, simu yangu mkononi mwake. “Nikusomee?”

“Soma haraka, baba. Nausubiri tangu mchana.”

Akakohoa kidogo, kama kawaida yake. “‘Mgonjwa wetu mpendwa, mashine ya kupimia imeharibika. Tutakujulisha baada ya wiki tatu. Samahani kwa usumbufu.’ Pole, mke wangu.”

“Wiki tatu? Nesi kaniambia nisikae hata siku tatu!”

“Mashine ni mashine. Tulia, nikuletee chai.”

Nikatulia. Najichukia kwa hilo mpaka leo.

Huyu mwanamume ni karani wa mahakama, na kila mtu humwita Karani. Kazi yake kusoma mashtaka mbele za watu. Sauti yake, jamani! Ndiyo iliyoniingiza kwenye ndoa miaka ishirini na sita iliyopita. Hata bili ya umeme akiisoma, unadhani ni barua ya mapenzi. Sasa nikiikumbuka sauti ile natamani ningeweza kusukutua masikio.

Mimi ni fundi cherehani. Jicho langu la kulia liliharibika kabla sijajua. Katikati pana doa la kijivu. Nikikutazama usoni kwa jicho hilo, uso siuoni. Daktari alisema ile sehemu ya katikati, nyuma ya jicho, inayosoma na kutambua sura za watu, imechakaa. Sikujua kwa sababu sikuwahi kufumba jicho mojamoja; la kushoto lilikuwa linamfichia mwenzake aibu. Akanipa karatasi ya drafti yenye nukta katikati.

“Kila asubuhi funika jicho moja, tazama nukta,” aliniambia. “Mistari ikipinda, njoo mbio. Kuna aina inayovuja damu nyuma ya jicho. Tukiiwahi, sindano inaizuia. Tukichelewa, tunabaki kukupa pole.”

Karatasi nikaibandika ukutani, nikaisahau. Kilichoniamsha ni kitambaa cha drafti. Nilikuwa nashona mashati, mistari kwenye mshono ikakataa kukutana. Nikafumua, nikashona tena. Nikafumua mara ya tatu, mpaka shoga yangu Mama Vifungo, anayeuza vifungo na zipu meza ya pili kutoka yangu, akapiga kelele.

“Unafumua nini wewe? Mistari imenyooka kama rula!”

“Hii? Hii inayokwenda kama nyoka?”

Akaniziba jicho la kulia kwa kiganja chake. “Na sasa?”

“Imezidi.” Jicho la kushoto, lile zima, ndilo lililokuwa linaipinda.

“Pigia kliniki. Sasa hivi!”

Nikapiga, nesi akaahidi kunitumia siku ya kwenda kwa ujumbe. Herufi za simu zilikuwa zinanivunjikia, ndiyo maana Karani akanisomea. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Alhamisi mchana alikuwa ananilisha uji. Eti kunilisha, kijiko kwa kijiko, na mikono yangu mizima! Nikawa nimekazia macho dirisha. Pembeni, upande wa kulia, kwenye kochi, nikaona pindo la gauni.

Watu hawajui kwamba doa liko katikati tu. Kando bado naona. Karani hakuwahi kuniuliza. Aliamini upande wa jicho bovu unaweza kumweka yeyote umtakaye.

Gauni la bluu, pindo la mishono miwili. Pindo langu! Nililishona mwezi uliopita, Karani akasema atalipitisha kwa mteja. Chini ya gauni kulikuwa na miguu, na juu ya goti kulikuwa na mkono wa mume wangu. Kwa mkono wa pili alikuwa ananilisha mimi.

Uji uliokuwa mdomoni nikaumeza kwa kinyaa.

“Kuna mtu humu?” nikauliza.

“Nani tena, mpenzi? Mimi na wewe tu.”

Nikasema nafuata uzi. Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Vifungo, nikampa simu.

“Nisomee ujumbe wa kliniki wa Jumatatu.”

Mama Vifungo husoma kwa kidole. “‘Njoo kesho… Jumanne… saa mbili asubuhi. Usi… usikose. Jicho lako halina muda.’ Shoga, leo Alhamisi! Na kuna mwingine wa jana: ‘Hukufika. Tupigie haraka.’”

Tukapiga kliniki.

“Mama, ulikuwa wapi?” nesi akafoka. “Daktari yupo mpaka saa kumi. Njoo na kadi yako!”

Kadi ilikuwa nyumbani. Nikamtajia Mama Vifungo maneno ya kuandika, nikamwambia ayatume kwa simu yake nikishaingia ndani.

Mgeni alikuwa bado kwenye kochi, palepale. Simu ikalia.

“Karani, nisomee.”

Akaichukua. Akakohoa.

“‘Shoga, uzi mweusi umekwisha. Njoo kesho.’”

“Ndivyo ulivyoandikwa?”

“Neno kwa neno, mpenzi.”

“Basi ngoja nikusomee mimi, maana maneno nimeyataja mimi. ‘Karani, mwambie mgeni wako mwenye gauni la bluu kwamba uliuficha ujumbe wa kliniki, na mkeo anapofuka.’”

Kochi likalia. Mwanamke alikuwa amesimama.

“Ujumbe gani?” akauliza.

“Usimsikilize, amechanganyikiwa…”

“Nimekuuliza, ujumbe gani?”

“Wa kuniita nitibiwe kabla jicho la pili halijafa,” nikamjibu.

Akamgeukia Karani. “Uliniambia jicho lake halina dawa! Mimi nimeiba mume, sikatai. Jicho la mtu sijaiba.”

Akatoka, mlango ukabamizwa. Karani akashika kanga yangu.

“Mke wangu, nilitaka muda kidogo tu. Nimtafutie chumba, mambo yatulie, halafu nikupeleke mwenyewe.”

“Muda wa jicho langu?”

“Nilikuwa nakuhudumia! Nilikuwa nakulisha!”

“Kwa mkono mmoja,” nikasema. “Usiniguse. Unanitia kinyaa.”

Nikachukua kadi. Mama Vifungo alikuwa getini.

Sindano ya jicho nilidhani itaniua. Wakaweka matone ya ganzi, nikahisi kama kidole kimenibonyeza, kwisha.

“Siku hizi tatu zimekula kidogo,” daktari akasema. “Wiki tatu zingekula jicho lote. Utarudi kila mwezi.”

Tukiwa bado kwenye benchi, simu ikalia.

“Ni Karani,” Mama Vifungo akasema. “Nifute?”

“Soma. Kama ulivyo.”

“‘Mke wangu… nisa… nisamehe. Rudi nyumbani. Bila mimi… nani ata… atakusomea?’”

Nikacheka mpaka nesi akanikemea kwamba nitaumiza jicho.

Sikurudi. Naishi chumba cha nyuma ya meza zetu, karatasi ya drafti iko ukutani, na kila asubuhi nafunika jicho mojamoja. Ujumbe ukiingia, Mama Vifungo anavaa miwani, anatafuta mstari kwa kidole, anakwama, anarudia. Anasoma vibaya kuliko mtu yeyote ninayemjua. Lakini anasoma kilichoandikwa.